Risasi Jikoni kwa Kebaso

Kuna watu hukasirika wakanyamaza, na kuna watu hukasirika wakafoka mpaka kuku wa jirani wanakimbilia vichakani. Johana Chepyegon alikuwa wa aina ya pili. Siku ile alipoingia mjini Kericho na bunduki yake mpya imefungwa kwenye gunia, hata wapiga debe wa stendi hawakumsumbua. Walimtazama usoni wakampisha.

Alikuwa anaenda kwa Ogeto. Huyu Ogeto alikuwa Mkisii mwenye duka la pembejeo, mbegu na dawa za kunyunyizia, na nyuma ya duka hilo, kwenye chumba chenye mlango wa vyuma, aliuza bunduki kwa leseni ya serikali. Kwake ndiko Johana alikonunua bunduki ya risasi ndogo ya kufukuzia nyani, baada ya kuzungushwa na maofisa wa vibali mpaka soli za viatu zikaisha. Sasa alikuwa anaipeleka kwa aliyemuuzia, na alikuwa na haraka, kwa sababu kule Chepseon jirani yake Kebaso alikuwa ameanza kung'oa mabati ya nyumba yake ili ahame. Na sababu ya kuhama ilikuwa hiyo hiyo bunduki.

Wacha niseme mambo yalivyokuwa, maana watu wa Chepseon wameyapindua vya kutosha.

Mashamba ya Johana na Kebaso yalipakana kwenye mteremko mmoja. Majani chai yalikuwa juu, mahindi chini, na chini kabisa ni bonde linaloelekea Fort Ternan, ambako nyani hupanda kila mahindi yanapoanza kutoa ndevu. Kebaso alifika hapo akiwa kijana, kutoka upande wa Kisii, akauziwa shamba na baba yake Johana mwenyewe. Mkewe Bilhah ndiye aliyemzalisha Chepkorir, mke wa Johana, alipojifungua mtoto wao wa mwisho, siku mto ulipofurika na hakuna gari lililoweza kuvuka. Na Chepkorir ndiye aliyemfundisha Bilhah kutengeneza mursik, maziwa yale ya kibuyu.

Mwaka wa tisini na mbili, watu walipochomeana nyumba na kufukuzana kwa mishale kwa ajili ya kabila, ng'ombe wa Kebaso walilala zizini kwa Johana. Johana mwenyewe alisimama langoni kwa Kebaso akawatukana vijana wa kwao, Wakipsigis wenzake, mmoja mmoja kwa jina la baba yake, mpaka wakaona haya wakapita. Wengine walimwita msaliti. Yeye akawajibu maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa. Tangu hapo hakuna kitu alichojivunia kama hicho, si ng'ombe wake wa maziwa, si chai yake. Ukikaa naye kidogo tu angekuambia: kwetu hakuna jirani aliyefukuzwa.

Sasa sikia. Mwaka wa tisini na tano, mtamba wa Kebaso aliruka ua akaingia kwenye mahindi ya Johana akala akashiba. Johana akatoka na hasira zake. Alisema mengi, na mwishowe, mbele ya watu waliokuwa wanapeleka majani chai kwenye banda la kupimia, akasema, "Mtanitambua nyinyi!" Maneno hayo Johana alikuwa akiliambia hata jembe likikatika mpini. Kebaso alijua hivyo. Lakini watu walisikia, na Kebaso aliona kwamba wamesikia.

Siku chache baadaye nyani wakapanda. Johana akashuka na bunduki yake mpaka ukingo wa mahindi, akatia risasi, akasukuma komeo mbele ili aifunge. Bunduki ikalia. Kidole chake hakikuwa hata karibu na kifyatulio. Mtutu ulikuwa umeelekea chini mteremkoni, na risasi ikaenda ilikoelekezwa. Ilitoboa ukuta wa mabati wa jikoni kwa Kebaso, ambako Bilhah na watoto walikuwa wanakunywa uji, ikapasua chungu, na uji wa moto ukamwagikia mguu wa Moureen, binti yao mdogo.

Johana aliitupa bunduki akakimbia. Alimkuta Kebaso sakafuni amelala juu ya watoto wake. Kebaso aliinua kichwa, akamwona, akakiinamisha tena. Johana akaanza kueleza, akaapa kwa Mungu, akaapa kwa mama yake aliyekufa, akapiga kelele kwamba hakuigusa, haikuguswa, ilijilipukia tu. Kebaso akamwomba jambo moja, kwamba aondoke ili watoto wanyamaze.

Na Kebaso hakwenda polisi! Hilo ndilo lililomkera Johana kuliko yote. Angeenda kituoni, angeshtaki, wangekaa mbele ya OCS, mkuu wa kituo, wakatukanana, yakaisha. Mtu anayekushtaki bado ana nia ya kuishi nawe. Kebaso alipanda ngazi akaanza kung'oa misumari. Chepkorir alipopeleka kibuyu cha mursik kwa ajili ya mtoto aliyeungua, Bilhah alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na jioni kibuyu kikarudi kikiwa kimejaa vile vile.

Johana alisimama uani siku nzima akibishana na mtu aliyekuwa juu ya paa. Mwishowe Kebaso akajibu, bila kugeuka. Alisema kama ni kweli bunduki ilijipiga yenyewe, basi aliyeiuza aje aseme hivyo mbele yake, kwa mdomo wake, na hapo atafikiria. Lori lilikuwa linakuja kesho yake jioni.

Ndiyo maana Johana alikuwa Kericho asubuhi ile akiwa na gunia mkononi.

Ogeto alikuwa ameketi nyuma ya kaunta akimenya njugu. Hakusimama. Johana akalitua gunia katikati ya bomba za kunyunyizia dawa, akaanza. Alisema bunduki ni mbovu, na kwamba mtu anayeuza kitu kama hicho ni muuaji wa mbali. Kwa hiyo ajitayarishe, afunge duka, wapande gari waende Chepseon akakiri mbele ya Kebaso. Wateja waliokuwa wanachagua mbegu wakasogea ukutani.

Ogeto alimaliza njugu zilizokuwa kiganjani. Akajibu kwamba bunduki za duka lake hazijipigi. Alimkumbusha kwamba siku ya kununua walikwenda wote wawili kwenye uwanja wa polisi, wakaijaribu, na Johana mwenyewe aliisifu mpaka akachekwa. Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ukamchoma Johana zaidi. Akasema kitu kinaweza kuwa kizuri leo na kesho kikaoza, kama watu fulani. Ogeto akamwonyesha kibao kilichoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kisha akavua miwani.

"Mzee," akasema, "nimeuza bunduki miaka mingi. Sijaona hata moja ikichagua jikoni kwa Mkisii yenyewe."



Johana alipitisha mkono mmoja juu ya kaunta akamkamata Ogeto shati kifuani. Njugu zikamwagika. Ogeto hakujitoa. Alimwambia kwa upole mbaya kwamba aendelee tu, watu wote wanaona, na hawatashangaa. Ni hilo la kutoshangaa lililomfungua Johana vidole. Aliwatazama wale watu ukutani, akaona kwamba kweli hawakushangaa.

Lakini hakuondoka. Alisema kwamba kama ni hivyo, ataipeleka bunduki kwa afisa aliyempa Ogeto leseni. Serikali iifungue, na ikionekana mbovu, mlango ule wa vyuma utafungwa na hautafunguliwa tena.

Hapo Ogeto akasimama.

"Hakuna mtu atafungua bunduki yangu kama si mimi," akasema. "Twende. Nitaifungua mbele ya huyo jirani yako, na kile nitakuta nitakisema kwa sauti. Usije ukanililia."

Basi wakaenda na pikapu ya Ogeto, gunia likiwa nyuma limefungwa kwa kamba, kila mmoja ana uhakika kwamba mwenzake anakwenda kuaibika. Kutoka Kericho mpaka Chepseon hawakusemezana. Kwenye njia ya kuingilia Johana alisema "hapa", na Ogeto akakata kona kwa hasira hata pikapu ikataka kulala.

Uani kwa Kebaso vitu vilikuwa vimeshatolewa nje. Vitanda vilikuwa vimefunguliwa, masanduku yamefungwa kamba, kuku wamefungwa miguu kivulini. Nusu ya paa ilikuwa wazi, unaona mbingu kupitia chumba cha watoto. Ogeto na Kebaso wakasalimiana Kikisii, salamu ndefu, za nyumbani na za watu wa nyumbani, huku Johana amesimama kando na gunia lake kama mgeni ambaye hakualikwa. Hakuelewa hata neno. Kwa mara ya kwanza katika mteremko ule aliozaliwa, alisikia uoga wa mtu anayesemwa mbele yake na asielewe.

Kebaso akaleta meza. Ogeto akatandika kitambaa, akatoa bisibisi, akatoa komeo, akafungua skrubu na kuutenganisha mtutu na ubao. Chepkorir alikuwa amevuka ua akasimama na Bilhah bila kuguswa wala kusemeshwa. Ogeto akainama, akachungulia ndani, akabaki hapo. Kisha akacheka. Hakikuwa kicheko cha mtu aliyefurahi kwa wema.

Akaingiza kidole kikatoka na uji mweusi unaonata. Akamwekea Johana chini ya pua, akauliza ni nani aliyetia takataka ile ndani ya mashine. Johana akasema hajui, si ndivyo ilivyotoka dukani? Ogeto akamuuliza kama anamwona mjinga.

Bilhah akasogea. Aliushika mkono wa Ogeto, akanusa kile kidole, akasema mara moja, "Hii ni makaa ya kibuyu. Na siagi."

Nani angekosea harufu hiyo? Kibuyu cha mursik husuguliwa ndani kwa burashi ya ufito, kisha hupakwa makaa ya mti maalum, na ndiyo hayo yanayofanya maziwa yakae wiki nzima bila kuharibika. Kila nyumba ya Wakipsigis pale ina harufu yake. Bilhah aliijua jikoni kwa Chepkorir.

"Ni mimi," Chepkorir akasema.

Alieleza akitazama chini. Mvua ilipoanza, ukungu wa mteremko ule uliingia kila mahali, hata jembe lililo ndani ya nyumba lilishika kutu. Johana alikuwa amemwambia aangalie bunduki isiharibike. Sasa yeye angeangalia namna gani? Maisha yake yote, kitu kisiharibike kilifanyiwa njia moja. Akausugua mtutu kwa burashi ya kibuyu, akatia makaa vizuri, kisha akapaka siagi ya ng'ombe kila alipoona tundu, mpaka ikaingia. Johana alirudi akaikuta inang'aa. Akamsifu mbele ya wageni, akasema wanawake wote wangekuwa hivyo tusingekuwa na shida.

Johana alikumbuka. Alihisi damu ikimpanda usoni, akafungua mdomo kumfokea mkewe, kisha akaufunga, kwa sababu kulikuwa na kitu kingine kinamjia nyuma ya hasira, na alitaka kukishika vizuri.

Ogeto sasa alikuwa amepata siku yake, na aliila yote. Alimwambia Chepkorir kwamba bunduki si kibuyu, mama. Akamgeukia Johana akamhesabia makosa yake: kwamba alimwita muuaji mbele ya wateja, akamshika shati, akamtishia leseni, kumbe ubovu umepikwa jikoni kwake mwenyewe. Akamtaka aseme sasa hivi, mbele ya wote, kwamba bunduki ilikuwa nzima.

"Nitasema," Johana akajibu. "Nitasema mara yoyote unayotaka. Lakini kwanza mwonyeshe Kebaso kile hayo makaa yalifanya."

Ogeto alimtazama kwa mashaka. Hakuwa amejitayarisha kwa sauti hiyo. Akamwita Kebaso karibu, akamwonyesha kijino kidogo cha chuma ambacho kazi yake ni kuishika pini isiende mpaka mtu avute. Siagi ilikuwa imeganda na makaa, ikakilaza kijino chini kisiinuke. Pini haikuwa na cha kuizuia. Ogeto akaiunga tena bunduki vile vile na uchafu wake, bila risasi, akasukuma komeo mbele. Ta! Kidole chake kilikuwa juu hewani, kila mtu anakiona. Akarudia. Ta! Akampa Kebaso. Kebaso aliishika kana kwamba ni nyoka aliyeambiwa amekufa, akasukuma, na pini ikapiga.

Yaani mnajua Johana alivyofurahi? Alikuwa amekosea, mkewe ameaibika, Mkisii wa dukani amemkalia kichwani, na alifurahi kama mtu aliyefunguliwa jela. Akamwambia Ogeto waziwazi kwamba bunduki ilikuwa nzima, kwamba alimkosea, kwamba lile shati alilishika bure. Chepkorir aliinua macho, maana katika ndoa yao yote hakuwahi kusikia maneno hayo. Ogeto naye akanuna kama mtu aliyesukuma mlango uliokuwa wazi. Aliosha vyuma kwa mafuta ya taa, akavipangusa, akajaribu tena, na safari hii pini ikashikwa mpaka alipovuta. Akasema sasa ni nzima, na kama itaguswa tena na burashi ya maziwa asiitwe. Akaagana na Kebaso kwa lugha yao, akaondoka bila kumpa Johana mkono.

Johana akamgeukia jirani yake.

"Umeona mwenyewe," akasema. "Rudisha mabati, bwana. Kabla mvua haijanyesha kwa vitanda."

Kebaso alikuwa bado anaiangalia ile bunduki pale mezani. Alikaa kwenye sanduku moja lililofungwa kamba. Alipoanza kusema, hakuwa na hasira, na Johana angetoa ng'ombe wake mzuri kuliko wote kama hasira ingekuwepo.

"Nimeona, Johana. Nimeamini. Haukuvuta, na nitawaambia watu wote haukuvuta." Akakaza fundo la kamba ya sanduku. "Lakini ile risasi ilipoingia, nililala juu ya watoto, na sikujiuliza ni nani. Unanielewa? Sikujiuliza hata kidogo. Nilijua ni wewe. Wewe uliyesimama kwa lango langu. Jibu lilikuwa limekaa hapo kwa roho yangu tayari, na sijui lilikaa hapo tangu lini."

"Hiyo ni uoga tu," Johana akasema. "Uoga unasema uongo."

"Pengine. Lakini wewe huna kosa, na mimi bado nakuogopa. Nikiamka kila asubuhi nikusalimie namna gani? Ukikohoa kwa shamba nitashtuka. Ukikasirika, na wewe unakasirika kila siku, nitakusanya watoto. Hiyo si ujirani. Afadhali nikukumbuke nikiwa mbali."

Johana alihisi ghadhabu ikimjaa kifua, ile yake ya kawaida. Akatafuta pa kuitupia, akakosa. Ogeto alikuwa ameshaondoka. Bunduki ilikuwa safi. Mkewe alikuwa analia polepole begani kwa Bilhah, na Bilhah analia pia, na bado wale kuku walikuwa wamefungwa miguu. Hakukuwa na shati la kushika. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuitambua, kwamba basi yeye afanye nini.

Kebaso akafikiria, kwa sababu alikuwa mtu wa kufikiria. Akasema hakuna. Kisha akatazama paa, na jua lililokuwa limeinamia upande wa bonde, na mabati yaliyobaki kung'olewa.

"Nishikie ngazi," akasema. "Hii upande haijakaa sawa."

Johana akaenda akaishika ngazi kwa mikono yote miwili, akaikandamiza kwenye udongo mpaka ikatulia. Kebaso akachukua nyundo, akaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Kabla hajapanda, aliangalia kwanza chini, aone mikono ya Johana iko wapi.